Uzi wa Mama Tausi

Chande alibanwa kila upande. Asipochonga mbao, hakuna dawa ya mkewe, Sikudhani. Akiwasha feni ya kunyonya vumbi la mashine, kelele zake zinamfanya asimsikie akikohoa chumbani. Akiizima, unga wa mbao unamfuata mgonjwa hadi kitandani.

“Nifunge uzi mkononi, Baba Tausi,” mkewe alimwambia. “Pumu ikinibana nitauvuta.”

Akamfunga, ncha ya pili akajifunga mwenyewe, akawasha mashine na feni. Alichonga akili yote ikiwa kwenye uzi, asijue kwamba mfuko wa feni unaokusanya vumbi umefumuka mshono nyuma yake.

Alipozima, uzi ulikuwa umelala sakafuni, umefunikwa na unga wa mninga kuanzia miguuni pake hadi chini ya pazia la chumba.

“Mama Tausi?”

Akauvuta yeye, taratibu, akangoja uvutwe upande wa pili.