Makoti ya Kuazima

Ndani ya kibanda cha Asbjørn, pale barabara inapoanza kupanda mlima, kulikuwa na makoti manne ya sufu yaliyotundikwa kwenye misumari. Mawili yalikuwa yamekunjwa mikono mara tatu tatu. Hata iwe baridi ya kupasua mawe, hakuna aliyeruhusiwa kuyavaa, wala kuikunjua ile mikono.

Wafanyakazi wapya wa barabara walipouliza sababu, wenzao waliwaonyesha mlima kwa kidevu. Basi wakarudi kazini, wakidhani wameelewa.

Asubuhi ya tarehe 23 Desemba 2004, mlima ulikuwa umechafuka. Upepo ukizidi, magari hayavuki moja moja. Yanapangwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji, kila dereva akifuata taa za mwenzake. Ukizidi zaidi ya hapo, kizuizi hushushwa na hapiti mtu. Asubuhi ile ulikuwa umezidi zaidi ya hapo, na Asbjørn ndiye aliyeshika kizuizi.

Gari la mwisho katika foleni lilikuwa la binti yake, Torunn.

"Geuzeni," Asbjørn alisema. "Leo hapiti mtu."

"Baba, ndege inaondoka jioni!"

"Mvumilivu hula mbivu, mwanangu."

"Mbivu zenyewe ziko Thailand, na ndege haivumilii."

Geir, mumewe, alicheka kwenye usukani. Watoto wao wawili, Vemund na Sunniva, walikuwa wamekaa nyuma. Asbjørn aliinama kuwasalimia, akaona miguu yao.

"Ndala? Geir, una akili timamu wewe? Kwenye mlima huu?"

"Mzee, kule ni joto tupu. Makoti tukayabebee nini?"

Asiye na nguo za baridi haingii kwenye msafara. Hiyo ni sheria, na Asbjørn aliijua kwa mikono yake mwenyewe. Miaka kumi na mmoja nyuma aliwafukua mtu na mkewe kutoka kwenye gari lililokwama kule juu. Walikuwa wamekumbatiana, wamevaa viatu vya kanisani. Tangu siku hiyo, kila upepo ulipovuma aliwaona. Sasa aliwaona wamekaa kwenye kiti cha nyuma, katikati ya wajukuu wake.

Torunn alishuka, akamvuta kando. Hakuwa anatania tena.

"Hii ni Krismasi ya kwanza bila mama. Siwezi kukaa kwenye meza ile, kiti chake kikinitazama. Siwezi, baba. Tena nilikwambia twende wote, ukakataa."

"Barabara angebaki nayo nani?"

"Basi tupitishe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Asbjørn aliingia kibandani, akaitazama namba kwenye kipimo cha upepo. Akachukua redio ya mawasiliano, akamwambia mkubwa wake kwamba upepo umepungua. Katika miaka thelathini ya kazi, huo ulikuwa uongo wake wa kwanza.

Kisha akatoa makoti manne ya akiba. Torunn na Geir walivaa yao. Watoto aliwavalisha mwenyewe, akawakunjia mikono ya makoti mpaka vidole vikaonekana.

"Babu, hili linanuka dizeli," Sunniva alisema.

"Ndiyo harufu ya babu hiyo. Msiyavue mpaka mmeshuka mlima. Mtanirudishia mkirudi."

Aliendesha gari la theluji yeye mwenyewe, magari manane nyuma yake. Kulikuwa kweupe juu, kweupe chini, kweupe pande zote. Kila baada ya muda alitazama kioo na kuhesabu taa.

Katikati ya mlima alihesabu saba.

Alihesabu tena. Saba. Kusimama hakuwezekani, maana gari likisimama pale theluji hulizika. Akapunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa. Asbjørn, ambaye kanisani aliingia kwa mazishi tu, akaomba kwa sauti.

"Bwana, wasife kwa baridi. Sikuombi kingine. Wasife kwa baridi."

Taa za nane zikachomoza.

Upande wa pili kulikuwa na mbingu na barabara nyeusi. Torunn alifungua dirisha, akampungia huku akicheka. Asbjørn akapunga pia, akafunga mlango wa gari lake, akalia kama mtoto.

Jioni Torunn alipiga simu kutoka uwanja wa ndege. "Makoti yako tumeyaacha garini, baba. Sunniva ameyapanga mwenyewe." Usiku huo Asbjørn alilala fofofo. Wale wawili wenye viatu vya kanisani hawakuja, wala usiku uliofuata, wala usiku wa Krismasi.

Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, aliamka saa mbili asubuhi, akaweka kahawa jikoni na kuwasha redio asikie hali ya hewa ya mlimani. Mtangazaji alikuwa anazungumzia tetemeko chini ya bahari, mbali huko. Simu yake ilikuwa na ujumbe wa Torunn uliotumwa alfajiri, kwa hiyo akapunguza sauti ya redio ili ausome vizuri.

"Baba, huku jua tele! Bahari imerudi nyuma mbali ajabu, samaki wamebaki wanarukaruka mchangani. Watoto wameshakimbilia kuwaokota, nasi tunawafuata. Asante kwa kutupitisha."