Njia ya Kwa Sitti

Kisiwani hapo hakuna mwenyeji aliyeruhusiwa kupita njia ya mlimani ambayo wageni hawakuisifu. Ukijaribu, bangili aliyovishwa kila mwenyeji mguuni ilikubana mpaka urudi. Njia ya kwa Sitti ilikosa sifa tangu juzi, na alfajiri Sitti alipiga simu kutoka huko juu, karibu na kreta, kwamba amejifungua peke yake. Tangu hapo simu yake haikupokelewa.

Mama yake, Bi Zalhata, alikaa chini ya mlima na chupa ya uji wa pilipili manga, akimsihi kila mgeni.

"Mwanangu, pita hii. Ina maua, ina mvuke. Ukiikuta nyumba, nipigie hodi."

"Mama, wewe dalali wa mlima?" mgeni mmoja alimtania, akapanda.

Bi Zalhata alingoja, roho mkononi. Jua likiinama, mgeni akashuka, uso umekunjuka.

"Nimeisifu sana, mama! Utulivu mtupu. Nimepiga hodi weee, kimya. Wala kelele za watoto hakuna."

Bangili ikalegea. Bi Zalhata aliukumbatia uji uliokwisha poa. Njia ilikuwa wazi mbele yake, lakini miguu haikuinuka.