Lango la Ghala la Pamba

Rais mpya aliposhuka garini mbele ya ofisi ya gazeti, mhariri, Bi Zamzam, alijitanda mtandio, tayari kwenda jela. Enzi za dikteta aliyepinduliwa alifungwa mara mbili kwa makala nyepesi kuliko ile ya jana.

“Umeandika kwamba wakulima bado wanalazimishwa kuiuzia serikali pamba,” rais alisema. “Amri ile niliifuta.”

“Uliifuta kwenye karatasi, mheshimiwa. Ghalani bado inafuatwa.”

Rais alimwashiria dereva abaki na gari. “Nipeleke.”

Walikwenda kwa miguu hadi ghalani. Rais alimwomba mlinzi wa ghala ufunguo, akafungua lango mwenyewe, akawaambia wakulima waliozuiliwa ndani na mizigo yao, “Pamba ni yenu. Uzeni mnakotaka.”

Hakuna aliyesogea. Kisha mama mmoja akajitwika mzigo wake, akatoka polepole, akigeuka kutazama nyuma kila baada ya hatua mbili.