Bega la Vuai

Bibi Badriya alimwita Vuai "mume wangu," na Salem, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya moto, nusura alimwage.

Utani wa bibi na mjukuu ni jambo la kawaida. Lakini mume wa Bibi Badriya, tangu siku aliyozaliwa, alikuwa Salem peke yake. Sasa amekuja huyu mtoto wa watu kutoka Unguja, hana hata shangazi mjini Riyadh, kajinyoosha kwenye mkeka wao pale mtaani Malaz, anakandwa bega kwa mafuta ya habasoda na kuitwa mume!

"Vumilia, mume wangu," bibi alisema. "Nikimaliza utakunywa supu."

Supu! Salem hakukumbuka mara ya mwisho yeye kupikiwa supu.

"Na wewe unangoja nini hapo?" bibi alimgeukia. "Weka maji, nenda kakimbie. Yalla! Sitaki mtu chumbani."

Wivu ulimpanda Salem. Vuai ndiye aliyekuwa mdakaji wa timu ya chuo chao, ile inayocheza mpira wa Kimarekani, wa kurusha na kudaka kwa mikono. Salem alikuwa mdakaji wa akiba, yaani hodari wa kukalia benchi. Ijumaa timu ingecheza Jedda, na walimu wa chuo kikuu kimoja cha huko wangekuja kuchagua mdakaji mmoja wamsomeshe bure. Asipochaguliwa, Salem angemaliza mwaka huu na kwenda kupakua makasha Al-Sulay, kwenye ghala analofanya kazi baba yake. Hilo lilikuwa limeshaamuliwa nyumbani.

Siku kumi nyuma, Vuai alianguka mazoezini, bega likateguka. Salem alisema pole, pole sana, huku moyoni akishangilia. Furaha yenyewe haikumaliza hata saa moja, kwani Kocha Protus alisema kama alivyosema kila mchezaji alipoumia: "Mpelekeni kwa nyanyake Salem."

Na bibi alikuwa fundi kwelikweli. Nusu ya timu ilikuwa imepita kwenye mkeka ule na kutoka inakimbia. Kila jioni alimkanda Vuai, kisha akaufunga mkono kifuani kwa kanga, akaukaza kama mzigo wa safari.

"Bibi, mbona sisikii maumivu tena?" Vuai aliuliza Jumatatu.

"Maumivu yaliyojificha ndiyo mabaya, babaangu. Usiunyanyue mkono huo mpaka nikwambie mwenyewe."

Salem aliyasikia hayo akiwa ukumbini, akahesabu siku kwa vidole. Kwa matunzo yale, ikifika Ijumaa Vuai atakuwa mzima kuliko alivyozaliwa. Bibi wa damu yake, kwa mikono yake mwenyewe, anamtafutia riziki mtoto wa watu! Aliisukuma sahani yake ya wali bila kuigusa.

Ndipo alipomkumbuka Allan, mwenzao wa timu. Mwaka jana Allan naye aliteguka bega, lakini wakati ule bibi alikuwa Makka kwa umra, ikabidi apelekwe hospitali. Huko walimfunga plasta wiki sita.

Jumanne akamfuata kocha uwanjani.

"Kocha, bega la Vuai linanitia wasiwasi. Bibi yangu keshazeeka, hata macho hayaoni vizuri. Mpeleke hospitali wamwangalie."

Lile neno la macho lilitaka kumkwama, maana bibi alikuwa bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Lakini lilitoka.

Kocha alimtazama kwa heshima. "Aki Salem, wewe ni mtu wa maana. Mwingine angenyamaza tu ndio acheze. Alhamisi nyinyi tangulieni na basi, mimi nitampeleka hosi kwanza halafu tuje na ndege. Na usimwambie nyanyako, asije akaskia vibaya."

Kutoka Riyadh mpaka Jedda Salem aliimba njia nzima, mpaka wenzake wakamwomba awahurumie.

Ijumaa jioni alikuwa ameshavaa jezi na kufunga kamba za viatu Vuai alipoingia chumba cha kubadilishia nguo, mikono yote miwili juu.

"Wamenipiga picha, bega zima!" Vuai alimkumbatia kwa nguvu. "Mikono ya bibi yako hii, Salem. Mungu amweke."

Salem alitabasamu kwa meno tu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimchukia bibi yake, na alijua kuwa anamchukia.

Mechi ilichezwa kwenye joto la Jedda linalokunyeshea jasho hata ukikaa tu, na Salem alikaa tu. Vuai aliidaka mipira saba. Ya mwisho aliifuata juu ya vichwa vya watu wawili, kwa mkono uleule. Kipyenga kilipolia, mwalimu mmoja wa chuo kikuu aliteremka jukwaani na karatasi mkononi, akauliza jina la Vuai linaandikwaje.

Simu ya Salem ikalia.

"Haya, niambie," Bibi Badriya alisema, sauti imejaa furaha. "Umedaka mingapi?"

"Sikucheza, bibi. Kacheza Vuai."

"Kacheza na bega gani?"

"Kocha alimpeleka hospitali jana. Wamempiga picha, wakasema zima."



"Mjinga gani kamtia kocha maneno ya hospitali?" bibi aliuliza. "Bega lile lilipona siku ya nne, Salem. Siku zote hizi nalifunga ili ucheze wewe."