Orodha ya Vilivyofunguliwa

Kompyuta iligoma kuitema CD. Mwashi alibonyeza kitufe mara ya tatu, kisha akaigonga kwa kiganja kama anavyogonga tofali lililokataa kukaa. CD ikatoka. Akaificha ndani ya shati.

Kompyuta ilikuwa ya mkewe. Alichapia mitihani ya shule na kadi za harusi pale pale sebuleni, na saa hizo alikuwa ametoka kumpelekea mteja kazi yake. Kikohozi kilikuwa kimemganda mke huyo kwa miezi. Asubuhi ile mwashi ndiye aliyefuata majibu ya picha za kifua, akapewa kwenye CD, na daktari hakuzungusha maneno: hakuna upasuaji wala dawa ya kumponya. Ni kumtunza tu.

"Niachie mimi nimwambie," mwashi alimwomba. "Binti yetu anajifungua mwezi ujao. Mama yake amshike mjukuu akiwa na raha zake."

Lakini moyo ulikataa kuamini mpaka macho yaone. Ndipo akaiweka CD na kuifungua ripoti. Aliona. Sasa akashikwa na hofu nyingine, akampigia simu mpwa wake, fundi wa kompyuta.

"Mpwa wangu, mtu akitazama kitu kwenye CD halafu akaitoa, kompyuta inabaki na habari?"

"Faili lenyewe linaondoka na CD, mjomba. Ila jina linabaki kwenye orodha ya vilivyofunguliwa. Na tarehe yake."

"Mke wangu anaweza kuliona?"

"Akifungua tu orodha. Kwani umetazama nini, mjomba? Na mvi zote hizo!" Mpwa akaangua kicheko.

Mwashi hakucheka. "Nielekeze pa kubonyeza."

Orodha ikafunguka. Juu kabisa ilikuwepo ripoti, jina la mkewe, tarehe ya leo. Akakisogeza kipanya juu ya jina kwa mkono wenye sugu. Mkono huo ulinyanyua mawe miaka thelathini, mpaka mgongo ulipoanza kumsumbua. Siku ya majibu ya picha za mgongo huo, mkewe aliyafuata mwenyewe hospitalini, akarudi anacheka: misuli tu imechoka. Tangu hapo akampiga marufuku kubeba hata ndoo ya maji.

Akalifuta lile jina.

"Limeondoka?" mpwa aliuliza.

"Limeondoka."

"Teremka mpaka chini, mjomba. Saa nyingine jina hujirudia."

Akateremka polepole. Mtihani wa hisabati. Kadi ya mwaliko. Mkataba wa kupanga nyumba. Kisha, mwisho kabisa, ripoti nyingine ya hospitali ile ile, iliyofunguliwa wiki tano nyuma.

Akaibonyeza. Kompyuta ikamjibu: *Ingiza CD.*

"Mjomba, umepata? Mjomba?"

Mwashi aliishusha simu mezani.

Mlango wa nje ulilia. "Baba watoto, upo?" mkewe aliita kwa uchangamfu. "Usiinuke, nakuja mwenyewe."

Mwashi aliinama karibu na kioo, akalisoma jina la mgonjwa herufi moja moja, kama mtu anayejifunza kusoma. Lilikuwa lake mwenyewe.