Moshi wa Milozi

Nusu ya picha ilikuwa imeshasafishwa. Kushoto milozi ilichanua chini ya anga la buluu. Kulia ukungu wa kahawia ulikuwa bado umeifunika.

"Umeona, mzee wangu?" alisema mkurugenzi wa makumbusho. "Uchafu wa nusu karne."

Mzee Fulcran aliutazama upande wenye ukungu. Mchoraji aliyelishwa wiki nzima na babu wa mkewe ndiye aliyemwachia babu huyo picha hiyo kama malipo, nayo ikaning'inia juu ya jiko mpaka mkewe alipofariki na kuiacha kwa makumbusho katika wosia. Wakubwa waliipokea kwa hotuba, wakaifungia stoo miaka minne. Leo waziri anakuja, ndiyo wameikumbuka.

Fundi wa picha, binti mwenye miwani, alilowesha pamba kwa mate, akaizungusha juu ya turubai. Ikatoka na rangi ya chai.

"Mate?" Fulcran aliuliza.

"Hakuna dawa inayoyashinda, baba."

"Unachofuta ni moshi wa mke wangu. Vitunguu vyake, samaki wake. Makaburini nina jiwe tu. Niachieni kipande."

"Haiwezekani," mkurugenzi alisema. "Wageni watadhani tumesahau."

"Kusahau si ndiyo kazi yenu?"

Mkurugenzi akatoka kupokea simu. Binti akavua miwani.

"Mafundi huwa tunaacha kidirisha bila kukisafisha, kiwe shahidi wa picha ilivyokuwa. Kidogo kama stempu. Mkeo akipika, alikuwa akisimama upande gani?"

Fulcran alionyesha kona ya chini, kulia.

Binti akaifunika kona hiyo kwa kiganja, akaendelea kusafisha kwa mkono wa pili.