Mdhamini wa Kindi

Wanyama walipoanza kuweka akiba, Kindi mdadisi alipeleka karanga zake kwenye ghala kubwa la Tembo. Humo mteja haingii. Unaita kwenye tundu, karanga zinateremka. Njaa ilipobisha hodi, Kindi akaita. Kasuku, msemaji wa Tembo, akajibu kutoka ndani, "Samahani mteja, mtandao unasumbua. Jaribu tena baadaye."

Akajaribu asubuhi, akajaribu jioni. Jibu lile lile. Watoto wanalia. "Hivi kwa Mchwa kukoje?" akajiuliza, akaenda kuona.

Mchwa walikuwa na chama chao cha akiba na mikopo, kwenye kichuguu chenye mlango mwembamba na foleni isiyoisha.

"Kukopa utakopa," alisema Mama Mchwa, mwenyekiti, "ila mgeni hudhaminiwa na mwanachama. Nani anakufahamu hapa?"

Kindi akainamisha kichwa. Hakumjua yeyote.

"Mimi namfahamu," sauti ikatoka kwenye foleni. "Sijapata kumsikia mteja mvumilivu kama huyu."

Kindi akageuka. Alikuwa Kasuku, kikapu kwapani.

"Wewe! Si uko kwa Tembo?"

"Kule ni kazini, dada," Kasuku akanong'ona. "Akiba yangu iko hapa."